Wingu Juu ya Utosi: Nebula ya Jabari na Wapiga Picha Wake

Katikati ya Desemba, kaskazi ikiwa imekwisha tulia, nyota za Jabari hufika juu kabisa ya kisiwa cha Pemba karibu na saa sita za usiku. Jabari ni jina la Waarabu. Wazungu huliita kundi hilo Orion. Kando ya nyota tatu zilizopangana za mshipi wake pana nyota nyingine ndogo zilizoning'inia kama upanga, na mwenye macho mazuri akikaza kuitazama ile ya kati huona kwamba haitulii kuwa nukta kama wenzake. Ina ukungu. Ukungu huo uko digrii tano na dakika 23 kusini ya mstari wa kati wa mbingu, na mji wa Chake Chake uko digrii tano na dakika 15 kusini ya ikweta. Kwa hiyo, mtu aliyelala chali juu ya sakafu ya dari yake mjini hapo anaitazama nebula ya Jabari ikimpita utosini, kwa tofauti isiyofika robo ya digrii.

Huo ukungu ni gesi na vumbi, mahali panapozaliwa nyota, na nuru yake husafiri takriban miaka 1,340 kabla ya kutufikia. Lakini habari inayosimuliwa hapa si ya nyota. Ni ya watu waliotaka kuipata sura ya wingu lile wakaiweka mahali pasipobadilika, na ya shida waliyoikuta: mkono wa mwanadamu haukubali kutulia.

Christiaan Huygens, Mholanzi, aliichora nebula hiyo mwaka 1656, na mchoro wake ukachapishwa katika kitabu chake cha 1659. Baada yake walichora wengi. John Herschel aliichora akiwa Uingereza katika miaka ya 1820, kisha akaichora upya huko Rasi ya Tumaini Jema, alikokaa na darubini yake kuanzia 1834 hadi 1838. Michoro hiyo miwili ya mtu mmoja haikufanana. Je, nebula ilikuwa imebadilika, au ni jicho na kalamu vilivyobadilika? Katika miaka ya 1860 Otto Struve wa Pulkovo, Urusi, alishikilia kwamba sehemu za wingu lile huongezeka na kupungua mwanga. George Bond wa Harvard naye alitumia miaka ya mwisho ya maisha yake mafupi akilichora na kulipima, mpaka kifo kikamchukua mwaka 1865. Swali halikupata jibu, wala halikuweza kulipata. Mashahidi wote walikuwa wakweli, na kila mmoja alichora alichokiona usiku wake, kwa darubini yake, chini ya hewa ya kwao.

Picha ilikuwa imekwisha vumbuliwa wakati huo, ila haikufaa. Bamba la kioo la zama zile lilipakwa dawa mbichi, na ilibidi litumike kabla halijakauka. Baada ya dakika chache tu kazi ilikwisha. Nebula inataka subira ndefu zaidi. Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, alitangaza njia ya kuchanganya dawa hiyo na jelatini ili bamba liweze kutumika likiwa kavu, na katika muda wa miaka kumi mabamba makavu yakawa yanauzwa madukani. Mlango ukafunguka kwa ajili ya watu ambao falaki haikuwa kazi yao.

Wa kwanza kuingia alikuwa daktari mwingine, Henry Draper wa New York. Baba yake alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuupiga picha mwezi, mnamo 1840. Mwana, aliyesaidiwa na mkewe Anna katika kazi za falaki, alikuwa na kituo chake mwenyewe huko Hastings-on-Hudson, na usiku wa tarehe 30 Septemba 1880 aliielekeza darubini ya inchi 11 kwenye upanga wa Jabari, akaliacha bamba wazi kwa dakika 51. Picha ile, kwa macho ya leo, ni doa tu. Lakini lilikuwa doa ambalo hakuna kalamu iliyoligusa. Machi 1882 alipiga nyingine kwa dakika 137, na wingu likaenea zaidi. Novemba ya mwaka huohuo Draper alifariki, naye hajatimiza miaka 46.

Aliyeupokea mzigo alikuwa Andrew Ainslie Common, Mwingereza, mhandisi wa mabomba ya maji na uchafu wa majumbani. Pengine historia ya elimu ya mbingu haina jambo la kufurahisha kuliko hili, kwamba picha bora ya nebula ya karne yake ilitoka kwa fundi wa maji machafu. Bustanini kwake Ealing, magharibi ya London, alisimamisha darubini yenye kioo cha inchi 36, na usiku wa tarehe 30 Januari 1883 aliipiga nebula ya Jabari kwa dakika 37. Nyota zilijitokeza bambani ambazo hakuna jicho lililowahi kuziona kwa darubini yoyote. Jicho husahau nuru ya sekunde iliyopita; bamba huiweka akiba, tone juu ya tone, mpaka iwe kisima. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Kifalme ya Falaki ya Uingereza ilimtunuku Common medali yake ya dhahabu.

Hapo ingedhaniwa kwamba mkono umeondoka. La, ulikuwa umejificha tu. Mabamba mawili ya Draper yenyewe hayakukubaliana juu ya ukubwa wa wingu, kwa sababu dakika 137 huonyesha yasiyoonyeshwa na dakika 51. Moyo wa nebula, penye nyota nne ndogo zilizokusanyika, unang'aa mno kuliko pembezoni mwake. Ukisubiri pembe zitokee, moyo huungua ukawa weupe mtupu, na ukiuhurumia moyo, pembe hubaki gizani. Tena mabamba ya zama zile yalipenda rangi ya samawati na kuwa kama vipofu kwa nyekundu, hali nebula imejaa nuru nyekundu ya haidrojeni. Mpiga picha alikuwa akichagua, hata pale alipodhani hachagui.

Waswahili husema "kusafisha picha" kwa ile kazi ya chumba cha giza, ya kuitoa sura iliyofichika kwenye dawa. Neno hilo linafaa pia, na pengine zaidi, kwa kazi ifanywayo leo na wanafalaki wa ridhaa mbele ya kompyuta. Mtu hapigi tena picha moja ndefu. Hupiga kumi, hamsini, mia, kisha programu huzilaza moja juu ya nyingine, nyota kwa nyota. Nuru ya nebula iko mahali palepale katika kila picha, kwa hiyo hujumlishana; chenga za kamera huruka ovyo, kwa hiyo huuana zenyewe kwa zenyewe. Hesabu yake haina huruma: ili usafi uongezeke mara nne, picha zinazotakiwa ni 16, na mara kumi ni 100. Hupigwa pia picha za giza tupu, lenzi imefunikwa, ili kasoro za kamera zijulikane na kuondolewa. Baada ya hayo, kilichopatikana bado ni karatasi nyeusi yenye nyota chache, maana nuru yote ya wingu imejibana chini kabisa ya vipimo. Msafishaji huivuta polepole, akiikunjua kama nguo iliyokunjwa, na moyo ulioungua huuchukua kutoka kwenye picha fupi na kuushona katikati ya ndefu. Rangi huja mwisho, na wengi hawaipendi ile ya asili. Huvaa ile iliyotangazwa ulimwenguni mwaka 1995 na picha ya darubini ya Hubble ya nguzo za nebula ya Tai, ambamo nuru nyekundu ya haidrojeni hupewa kijani.

Mpaka hapo hakuna kosa. Kila hatua ni kuchagua kati ya nuru iliyofika kweli. Mpaka unavukwa pale programu za miaka ya karibuni, zilizofunzwa kwa maelfu ya picha, zinapokisia umbo la uzi wa gesi pale ambapo kamera ilipokea chenga tu. Picha huwa nzuri zaidi. Na swali la Struve na Bond hurudi, kwani aliyechora sasa hana hata jina.

Si swali la wenye kupoteza wakati. Evered Kreimer, mwanafalaki wa ridhaa wa Arizona, alikuwa na kamera ambayo filamu yake hupozwa kwa barafu kavu ili isichoke haraka katika kiza. Oktoba 1966 aliipiga Messier 78, nebula ndogo iliyoko upande wa pili wa mshipi wa Jabari, na picha yake ikaingia katika kitabu cha The Messier Album, kilichotoka 1978. Wasomaji wengi waliifungua kurasa ile. Hakuna aliyeona neno.

Usiku wa tarehe 23 Januari 2004, Jay McNeil wa Kentucky, Mmarekani mwingine wa ridhaa, alipiga eneo hilohilo kwa darubini ya inchi 3, kifaa cha kubebwa kwapani. Alipokuwa akizisafisha picha zake akaona kitambi cha ukungu ambacho hakimo katika ramani. Angeweza kukifuta akidhani ni uchafu wa lenzi, na programu ingemsaidia kukifuta. Aliuliza. Bo Reipurth wa Chuo Kikuu cha Hawaii akathibitisha: nyota changa ilikuwa imeripuka kwa mwanga na kulimulika vumbi lililoizunguka. Picha za zamani zikatolewa makabatini. Katika ile ya Novemba 1951 hapakuwa na kitu. Katika ile ya Kreimer ya 1966 kitambi kilikuwepo, mahali palepale, kimesubiri miaka 37 katika kazi ya mtu ambaye hakukifuta.

Mawingu ya Jabari, basi, hubadilika kweli, japo si kule Struve alikokusudia. Nebula ya McNeil ilififia baada ya miaka miwili hivi, ikarudi 2008, na mwaka 2018 wenye kuitafuta kwa kamera walikuta mahali pake pamekuwa peusi.