HITILAFU, UBOVU NA KOSA KATIKA ISTILAHI ZA KOMPYUTA

Neno "hitilafu" limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni tofauti au kutopatana. Katika ufundi limezoea kutajwa kwa kila dosari, hata limechanganyika na "ubovu".

Historia yetu yaonyesha hasara ya mchanganyiko huo. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya hesabu ilipokwenda mrama, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, marufuku ambayo baadaye iliondolewa. Sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa uhaba wa wataalamu wazalendo. Lakini iliyohukumiwa ni mashine.

Suala hilo lingali nasi. Mwaka 2006 kampuni ya Apple ilianza kuuza kompyuta zenye prosesa za Intel. Ndipo watu wakaanza kuweka mfumo wake, ambao sasa huitwa macOS, katika kompyuta walizojiundia, ingawa leseni hairuhusu. Skrini ikibaki nyeusi, fundi wa Nyabiyonza, wilayani Karagwe, aweza kupoteza fedha kwa kununua kadi nyingine ya picha, kumbe ile ya kwanza ni nzima, ila mfumo haukuandaliwa kuitambua. Hiyo ndiyo hitilafu hasa.

Kwa hiyo yafaa mfasiri aandike "ubovu" kwa kifaa kilichoharibika, "kosa" kwa tendo la mtumiaji, na "hitilafu" kwa vitu vizima visivyopatana. Neno likikaa mahali pake, fundi hujua pa kuanzia.