Taya la Galula: Mwelekeo wa Utafiti wa Picha za Kiungo cha Taya Ukitazamwa Kutoka Songwe

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hufahamika zaidi kwa malori yapitayo mpaka wa Tunduma. Hata hivyo, miamba ya Galula, katika bonde la ufa la Rukwa, imehifadhi taya la Pakasuchus kapilimai, jamii ya mamba mwenye umbo dogo, aliyetangazwa mwaka 2010. Jina lake linaunganisha neno "paka" na jina la Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Insha hii inahoji: kwa nini taya hilo lilichunguzwa kwa CT, ilhali tangu miaka ya 1980 kisahani cha kiungo cha taya la binadamu huchunguzwa kwa MRI?

Jibu limo katika asili ya vifaa. Kisukuku hicho kilipatikana kinywa kikiwa kimefumbwa. Mionzi ya eksirei, inayotofautisha vitu kwa uzito wa maada yake, ilidhihirisha jinsi meno ya nyuma yalivyokutana. MRI hutegemea hidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya tishu laini, ambazo kisukuku hakina tena.

Kwa binadamu, tatizo lilikuwa kinyume chake. Mwaka 1887 Thomas Annandale wa Edinburgh aliripoti upasuaji wa kurejesha kisahani kilichohama. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, ilionyesha mifupa lakini si kisahani. Hivyo matabibu walilazimika kudunga dawa ya kuonyesha ndani ya kiungo. MRI iliondoa sindano hiyo.

Ushindi huo ulizaa shaka mpya. Tafiti za watu wasio na dalili, zikiwemo za mwaka 1987 na 1996, zilikuta kisahani kimehama katika takriban theluthi. Kuhama kwa kisahani, basi, si lazima kuwe ugonjwa. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 1992 na 2014 vikatanguliza maelezo ya mgonjwa na uchunguzi wa mikono, na kuiachia MRI kazi ya kuthibitisha hali ya kisahani.

Kwa tabibu wa Tunduma, historia hii ina uzito: kusikiliza, kupapasa misuli na kupima upana wa kinywa si mbadala dhaifu wa mashine, bali ndio mwanzo sahihi wa uchunguzi.