Lori Linapoishia Ndipo Kambi Inapoanza

Tarehe 13 Desemba 1887, Henry Morton Stanley alisimama kwenye ukingo wa nyanda za juu za Ituri akilitazama Ziwa Albert chini yake. Nyuma yake walikuwepo wapagazi wa Zanzibar, wamekonda kwa njaa ya msituni. Walikuwa wametoka Unguja Februari ya mwaka huo kwa meli ya Madura, wakaizunguka Afrika kwa kusini hadi mlango wa mto Kongo, wakapanda mto, wakapasua msitu, wote wakimfuata Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ekwatoria, kusini mwa Sudan, aliyedhaniwa kuwa taabani. Ziwani hawakumkuta Emin, hawakupata mtumbwi wa kuazima, wala hapakuwa na mti wa kuchonga mtumbwi. Mashua yao ya chuma, iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa watu, walikuwa wameiacha msituni.

Ikabidi warudi nyuma. Walijenga boma, wakaifuata mashua, na ilikuwa Aprili 29, 1888 ndipo Stanley alipoonana na Emin, aliyemjia kwa meli yake ya moshi. Waokoaji walikuwa na masanduku machache ya risasi na miili iliyochakaa. Mwokolewaji ndiye aliyewapa nguo na chakula.

Kila ninaposoma taarifa ya shirika fulani kuhusu wilaya ya Djugu, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, naikumbuka mashua ile. Katika nchi hii kitu kinachohitajika mara nyingi kipo, kimenunuliwa, kimevuka bahari, kisha kimekwama hatua moja nyuma ya mtu anayekihitaji. Historia ya misaada Djugu imeamuliwa zaidi na ile hatua moja kuliko na wingi wa michango ya Geneva au Washington.

Tena Djugu haikuwa nchi ya kulishwa. Dhahabu ilipogunduliwa mahali paitwapo Kilo, humo humo Djugu, mwaka 1903 na Wabelgiji wakaanza kuichimba, milima ya Djugu ndiyo iliyolisha migodi. Wakulima walilazimishwa kulima chakula cha wachimbaji na kukibeba vichwani. Mashine na bidhaa za ng'ambo zilifuata njia nyingine: reli ya Mombasa, kisha barabara za Uganda hadi bandari ya Butiaba, kisha meli kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi au Mahagi. Tangu wakati huo hadi leo, mzigo mzito wa Bunia, mji mkuu wa Ituri, hutazama mashariki. Kinshasa ni mji mkuu, lakini lori haliwezi kutoka huko likafika Bunia. Shehena inapanda ndege au inazunguka kwa Mombasa na Kampala. Shirika linaloagiza maturubai kwa ajili ya raia wa Kongo hujikuta likilipa ushuru na kupanga foleni katika mipaka ya nchi nyingine mbili kabla ya kufika kwa raia hao.

Vita vilivyoanza Djugu mwaka 1999, kati ya makundi ya Wahema na Walendu, chini ya uangalizi wa jeshi la Uganda lililoishika Ituri, viliikuta njia hiyo ikiwa mikononi mwa wenye bunduki. Barabara ya Bunia kwenda Mahagi, ambayo sasa inaitwa RN27, ikawa na wenyewe kila kilomita kadhaa. Aprili 26, 2001, wafanyakazi sita wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Wakongo wanne na wageni wawili, waliuawa karibu na Fataki wakiwa katika magari mawili yenye alama ya shirika lao. Kamati hiyo ilisimamisha kazi yake Ituri. Watu wa Djugu walipoteza siku ile mengi zaidi ya magari mawili: walipoteza imani kwamba alama nyekundu juu ya mlango mweupe inatosha kupita kizuizini.

Mwaka uliofuata, Septemba 2002, hospitali kubwa ya Nyankunde, kusini magharibi mwa Bunia, ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi walionusurika walitembea kwa miguu kuelekea Oicha, upande wa Beni, safari ya siku nyingi porini. Kwa hesabu ya ugavi, pigo hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana, kwa maana Nyankunde ilikuwa pia ghala la dawa na kiwanja cha ndege ndogo za wamisionari zilizolisha zahanati za mbali.

Kisha ukaja Mei 2003. Waganda waliondoka, Bunia ikawaka, na maelfu ya watu wakakimbilia sehemu mbili: makao ya MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na uwanja wa ndege uliolindwa na wanajeshi wa Uruguay. Hapo ndipo ilipozaliwa kambi ya uwanjani, na hapo ndipo unaweza kuiona kanuni ambayo imeongoza Djugu kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu hawakuuchagua uwanja kwa sababu una maji au kivuli. Walijua kwamba askari wa kigeni hawawezi kuuacha, na kwamba ndege ikija na unga, itatua pale pale walipolala. Umoja wa Mataifa uliidhinisha jeshi la muda la mataifa mbalimbali kwa azimio nambari 1484 la Mei 30, na kikosi kilichoongozwa na Ufaransa, Operesheni Artemis, kikaingia Juni kupitia Entebbe. Barabara ya kurukia ndege ikawa roho ya mji. Usalama uliofika ulikuwa usalama wa mji wa Bunia na viunga vyake. Ukitoka kidogo tu, mambo yalikuwa yale yale.

Mwishoni mwa 2004 na mwanzoni mwa 2005 mapigano mapya ya Djugu yaliwakusanya makumi ya maelfu ya watu Kakwa, Tche, Gina, Kafe na Tchomia. Kafe iko chini ya mteremko mkali, kando ya ziwa. Ramani inaonyesha vijiji vya juu na vya chini vikigusana, lakini lori la juu halishuki. Mzigo ulipaswa kuletwa kwa boti au kwa kichwa. Februari 25, 2005 walinda amani tisa wa Bangladesh waliuawa katika eneo hilo wakati wa doria ya kulinda wakimbizi, na Juni ya mwaka ule wafanyakazi wawili wa Madaktari Wasio na Mipaka walitekwa nje ya Bunia. Waliachiwa baada ya siku kadhaa, lakini shirika lao likajirudisha mjini.

Hebu tupige hesabu, maana bila hesabu maneno haya ni hewa. Chukua kambi ya watu 60,000, kiasi ambacho kambi ya Rho, karibu na kituo cha MONUSCO, mrithi wa MONUC, imewahi kukipita katika nyakati zake mbaya. Mpe kila mtu gramu 400 za unga kwa siku. Hizo ni tani 24 kila siku, tani 720 kwa mwezi, sawa na malori 72 ya tani kumi, na bado hujapakia maharage, mafuta wala chumvi. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa viwango vya kimataifa: lita 900,000 kwa siku. Sasa yatembeze malori hayo 72 juu ya udongo wa Djugu mwezi wa Oktoba, mvua ikiwa imenyesha siku tatu, lori la kwanza limezama hadi ekseli na yaliyo nyuma yake yamezimwa injini, mataniboi wako chini na majembe na matawi ya miti, na dereva anaangalia saa kwa sababu saa kumi ikipita hakuna msindikizaji atakayekubali kuendelea.

Lori likifika, kazi nyingine inaanza. Gunia la kilo 50 hushushwa, hupewa kikundi cha familia, nao hukaa duara na kupimiana kwa kopo mbele ya macho ya wote. Kina mama hukagua kopo lenyewe kwanza, lisiwe limebonyezwa chini. Wino kidoleni, jetoni mkononi. Turubai la mita 4 kwa 5 linagawiwa moja kwa familia, na jioni ile ile baadhi ya mafuta ya kupikia huwa yamekwisha kuuzwa sokoni ili inunuliwe mihogo, sabuni, au dawa ya mtoto. Maofisa wengine huuona uuzaji huo kama wizi. Mimi naona mtu aliyepewa kitu kimoja akihitaji vitano, naye amefanya biashara.

Ni uuzaji huo, kwa kiasi fulani, uliowafundisha wafadhili. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya mashariki mwa Kongo yalianza kuandaa maonyesho ya bidhaa: familia hupewa kuponi, wafanyabiashara wa mji hualikwa na sufuria, bidoni, vitenge na mablanketi yao, na kila mama hujichagulia. Baadaye zikaja pesa taslimu. Tatizo la lori likahamia kwa mfanyabiashara, ambaye analijua vizuri zaidi, anajua njia ya pembeni, anajua na bei ya kizuizi. Lakini pesa hazisaidii pale ambapo soko limechomwa, na Djugu masoko mengi yamechomwa.

Yalichomwa tena kuanzia Desemba 2017. Miezi michache iliyofuata, zaidi ya watu 40,000 walivuka Ziwa Albert kwenda Uganda, wakipanda mitumbwi kutoka Tchomia na vijiji jirani hadi Sebagoro, wengine wakizama njiani. Waliofika walipelekwa kituo cha Kagoma na makazi ya Kyangwali, na Februari 2018 kipindupindu kikazuka kati yao. Uganda yenyewe ilikuwa katika kashfa ya takwimu za wakimbizi zilizotiwa chumvi. Uhakiki wa alama za vidole uliomalizika Oktoba 2018 uliteremsha idadi ya wakimbizi wote nchini kutoka takriban milioni 1.4 hadi milioni 1.1. Jina hewa moja kwenye orodha ni unga unaoingia ghala la mtu.

Upande wa Kongo kanuni ya 2003 ilirudi na nguvu. Watu wa Djugu walijaa hospitali kuu ya Bunia, kisha wakahamishiwa Kigonze. Vijijini walijikusanya Rho, Drodro, Bule, Plaine Savo na Lala. Ukizitazama kambi hizo utaona kila moja imeshikilia barabara, parokia, hospitali au kambi ya askari. Na bado hazikuwakinga. Novemba 2021 wanamgambo wa CODECO, kundi la Walendu, waliishambulia Drodro. Usiku wa Februari 1 kuamkia 2, 2022, waliua watu wapatao 60 Plaine Savo. Juni 12, 2023 ikawa zamu ya Lala. Kati ya matukio hayo RN27 ilikuwa ikifunguka na kufungwa, magari yakisafiri kwa misafara ya kusindikizwa, na Oktoba 2021 msafara wa Madaktari Wasio na Mipaka ulipigwa risasi katika eneo la Bambou, wawili wakajeruhiwa, na huduma zikasimama huko.

Wanaobeba mzigo wa hatua ya mwisho ni watu wa hapo hapo: madereva wa pikipiki wanaofunga sanduku la chanjo nyuma ya kiti, wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu wa Kongo, watu wa Caritas na parokia. Ebola ilipoonekana Tchomia Septemba 2018, chanjo yake ilihitaji baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, ndani ya chombo maalumu kinachopelekwa kwenye kijiji cha wavuvi ambako barafu ya samaki yenyewe ni bidhaa adimu. Ilifika.

Mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa sehemu kubwa ya fedha za misaada ya kibinadamu Kongo, karibu asilimia 70. Januari 2025 bomba hilo lilifungwa karibu kwa ghafla. Mwezi uliofuata watu zaidi ya 50 waliuawa Djaiba, wilayani Djugu, na Machi hospitali ya Fataki ikalazimika kusitisha kazi kwa vitisho. Wasimamizi wa ghala za Bunia walibaki na swali lile lile la kila msimu wa mvua: wapeleke akiba kubwa Drodro na Bule kabla barabara haijakatika, na hivyo kuwaalika waporaji, au wapeleke kidogo kidogo na kuomba njia isifungwe. Wengi huchagua kidogo kidogo. Mara nyingi njia hufungwa.