Karanga na Kinywe: Hodi Tatu katika Nachingwea na Ruangwa

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha katika mwaka 1945, Uingereza ilikuwa mshindi mwenye njaa. Mafuta ya kula yaligawiwa kwa kipimo, na dola za kununulia vitu ng'ambo zilikuwa haba. Katika dhiki hiyo macho ya watawala wa London yaliangukia Tanganyika, na upande wake wa kusini yaliangukia nchi ambamo leo zimo wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Tangu hapo, kila mizani ya dunia ilipoyumba, wageni walibisha hodi katika nchi ile. Mtu ye yote apimaye sera ya taifa juu ya elimu mpya na ushirikiano wa mataifa atafaidika kwa kuzitazama hodi hizo.

Hodi ya kwanza ilikuwa ya karanga. Shauri lilitolewa katika mwaka 1946 na Frank Samuel wa kampuni ya United Africa. Ujumbe wa watu 3, ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa muda wa majuma 9. Ulirudi na hesabu ya ekari 3,210,000, kwa gharama ya karibu paundi milioni 25. Katika Tanganyika palichaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilipasa shamba dogo la majaribio litangulie, halikutangulia. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, na minyororo ya meli ilifungwa baina ya matingatinga ili kung'oa miti. Bandari ilijengwa Mtwara, na reli ikatandikwa mpaka Nachingwea, kuchukua mavuno ambayo hayakuwapo. Katika mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ya zaidi ya paundi milioni 36 ikafutwa vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ilifungwa.

Husemwa kwamba mashine ndizo zilizoshindwa. Neno hilo ni nusu ya kweli. Waliopanga walijua kwa tarakimu upungufu wa mafuta katika nchi yao, lakini mvua na udongo wa mahali walivijua kwa kukisia. Ujuzi wa Wamwera na majirani zao, walioilima nchi ile vizazi kwa vizazi, haukupewa uzito katika hesabu. Haja ilikuwa ya mgeni, elimu ilikuwa ya mgeni, na mwenyeji alikuwa kibarua.

Hodi ya pili ilibishwa na jirani. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam katika mwaka 1962, ikaanza vita vya ukombozi wa Msumbiji katika mwaka 1964. Nachingwea, katika nchi ile ile iliyofyekwa kwa ajili ya karanga, ikawa kambi yake kubwa ya mafunzo. Walimu wa kijeshi walitoka China, na silaha zilitoka China na Urusi, mataifa mawili yaliyokuwa yakigombana wakati huo. Walakini shabaha haikuwa ya Peking wala ya Moscow. Tanzania huru ndiyo iliyokuwa mwenyeji, na wanafunzi wenyewe ndio waliojua wanakotaka kufika. Walijifunza, tena walilima chakula chao. Mei 1975 Samora Machel alitoka Nachingwea, akavuka Mto Ruvuma na kushika safari ya kusini, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru.

Karanga nayo haikufa. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kikishirikiana na ICRISAT, taasisi ya kimataifa yenye makao yake India, kilitoa mbegu ya Pendo katika mwaka 1998. Katika mwaka 2009 kilitoa nyingine, na mojawapo ilipewa jina la Nachingwea. Kazi hiyo haikuhitaji vifaru wala reli. Ilihitaji miaka mingi, watafiti wa nchi, na wakulima waliopewa nafasi ya kuzipima mbegu katika mashamba yao.

Hodi ya tatu ni ya kinywe, madini yatiwayo katika betri za magari ya umeme. China, isafishayo sehemu kubwa ya kinywe cha dunia, iliweka masharti ya vibali vya kukiuza nje kuanzia Desemba 2023, na mataifa ya magharibi yakazidi kutafuta penginepo. Ruangwa inacho. Aprili 2023 Serikali ya Tanzania ilitia sahihi mapatano na kampuni ya Evolution Energy Minerals ya Australia juu ya kinywe cha Chilalo, na kwa nguvu ya sheria ya mwaka 2017 ilipata hisa ya asilimia 16. Hayo ni maendeleo makubwa kuliko ya mwaka 1946, maana mwenyeji amekaa mezani. Lakini hisa ni haki ya fedha. Haimfundishi mtu kusafisha kinywe wala kuunda betri. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 1986, na ina vyuo vikuu. Kipimo cha mapatano kitakuwa idadi ya vijana wa Ruangwa watakaoingia katika maabara, wala si idadi ya magunia yatakayopakiwa melini Mtwara.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpango wa karanga ulitaka kumponya mgeni peke yake, na hata yeye hakupona.