Degedege: Kombe, Hirizi na Saa Zilizopotea

Wazee wetu wa Unguja na Mrima walilijua degedege kabla ya hospitali. Jina latokana na ndege: iliaminika pepo kwa sura ya ndege hupita usiku juu ya mtoto, naye akakakamaa, macho yakapinduka. Mtoto alifukizwa, akavishwa hirizi, akanyweshwa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani.

Mwaka 1880, huko Algeria, tabibu Mfaransa Laveran aliona vijidudu vya malaria katika damu. Na degedege laweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Hata hivyo, utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta wazazi wakianzia kwa mganga, na imani kwamba sindano humuua mtoto wa degedege. Aliyefikishwa hospitali akiwa hoi, akafia huko, aliizidishia nguvu hofu hiyo.

Kombe halikuwa sumu. Hatari ilikuwa kungoja, kwani malaria kali yaweza kuua ndani ya siku moja au mbili.

Wajukuu waliozaliwa Maskati au London hawana kinga ya malaria. Wakirudi kutoka likizo ya pwani wakiwa na homa, wapelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dua isomwe njiani.