Hifadhi ya Wingu, au Hifadhi ya Mtandaoni?

Mabira, wilayani Kyerwa, wingu halina sifa ya usalama. Kahawa ya maganda ikiwa imeanikwa, wingu likitanda ni agizo la kukusanya maturubai haraka. Kwa hiyo karani wa chama cha msingi cha ushirika anapoambiwa kwamba daftari la wakulima na kilo zao litakaa salama "winguni", ana haki ya kushangaa. Tena neno lenyewe halikuzaliwa ili kueleza kitu. Wahandisi wa simu na mitandao walikuwa wakichora wingu kwenye michoro yao pale walipofika sehemu ambayo haikuwa na haja ya kufafanuliwa; lilikuwa alama ya kusema "ya humu ndani hayatuhusu." Amazon ilipoanza kuuza huduma yake ya S3 mwezi Machi 2006, ilichouza ni nafasi kwenye diski zilizomo ndani ya majengo yenye kuta, umeme na mitambo ya kupoza. Jengo lina mwenyewe na lina mahali. Hayo ndiyo mambo mawili ambayo "wingu" linayafunika, na ndiyo ambayo karani anapaswa kuyauliza kwanza.

Ndiyo maana naona "hifadhi ya mtandaoni" ni istilahi bora kwa msomaji wa kawaida. Inataja kazi, yaani kuhifadhi, na inataja njia, yaani mtandao. Na njia hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Aliyekuwa na nakala kwenye kompyuta ya ofisini aliendelea na kazi. Aliyetegemea kila kitu kilicho ng'ambo alibaki kusubiri. Jengo nalo huungua: tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakapoteza data zao moja kwa moja kwa kuwa hawakuwa na nakala mahali pengine. Mkulima anayepeleka mazao kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani anajua ghala ni lipi na nani analisimamia. Mwenye data anastahili kujua hayo hayo, hasa sasa ambapo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Majina na namba za simu za wanachama ni taarifa za watu.

Wapo watakaosema kwamba sitiari hufa kwa kutumika: hakuna anayekitazama kipanya cha kompyuta akafikiria mahindi yaliyotafunwa. Hoja hii ina uzito, lakini kipanya kiko chini ya kiganja, na jina likipotosha, mkono unasahihisha. Hifadhi ya mbali haionekani. Jina lake ndilo maelezo pekee ambayo wengi watayapata. Wengine watasema "mtandaoni" ni pana mno, kwani hata picha ya Facebook iko mtandaoni. Kweli, ila neno "hifadhi" linaupunguza upana huo, na Google yenyewe kwa Kiswahili inaita huduma yake Hifadhi ya Google, bila wingu lolote. Mafundi wakipenda kubaki na "kompyuta wingu" wanapozungumza wao kwa wao, sina ugomvi nao.

Istilahi ikishakaa sawa, tofauti iliyo muhimu zaidi hujitokeza, nayo ni kati ya kusawazisha na kuweka nakala rudufu. Hifadhi ya Google, yenye GB 15 za bure zinazogawanywa na barua pepe pamoja na picha, husawazisha: faili likifutwa kwenye kompyuta ya ofisi, hufutwa na kule, ingawa hukaa kwenye pipa la taka siku 30 kabla ya kupotea. Nakala rudufu haifuati kosa la mtumiaji. Hubaki kama ilivyokuwa siku ilipochukuliwa. Kwa daftari la msimu wa kahawa, karani anahitaji zote mbili, na nakala rudufu moja ikae kwenye diski ndani ya kabati la chama, ambako nyaya za baharini hazina la kusema.