Motokaa ya Kwanza Kuvuka Afrika, na Watu Walioivuta

Siku ya 10 Agosti 1907 motokaa moja ilitoka Dar es Salaam ikaelekea bara, na siku ya 1 Mei 1909 ikaingia Swakopmund, mji ulio pwani ya Atlantiki katika nchi iitwayo leo Namibia. Mwenyewe alikuwa Paul Graetz, ofisa Mdachi aliyepata kutumika katika jeshi la nchi hii zamani za utawala wa Wadachi. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyevuka Afrika kwa motokaa toka bahari hata bahari. Habari zake zimeandikwa mara nyingi, na yeye mwenyewe aliandika kitabu. Lakini sisi walimu wa huku Mponde, tukizisoma, twaona kuna upande mmoja unaopitwa upesi mno, nao ndio tutakaoueleza.

Kwanza na tupige hesabu, kama tuwafundishavyo watoto. Safari ile ilikuwa ya kilometa 9,500 hivi, na siku zake ni 630. Gawanya, utapata kilometa 15 kwa siku. Wapagazi wa Kinyamwezi waliochukua pembe za ndovu toka Tabora mpaka Bagamoyo walikwenda kadiri hiyo, tena na mzigo begani. Basi chombo kile, kilichofanyizwa kwa ufundi mwingi katika kiwanda cha Gaggenau huko Ujerumani, mwendo wake ukihesabiwa wote pamoja na siku za kungoja, haukumshinda mtu wa miguu. Hatusemi hivi kwa kukidharau. Mahali palipokuwa tambarare na pakavu kiliweza kukimbia sana. Ila mahali hapo palikuwa pachache.

Sababu yake ni nyepesi kuijua: barabara haikuwako. Reli ya Dar es Salaam ilikuwa ingali ikijengwa. Ilifika Morogoro mwishoni mwa mwaka ule wa 1907, na Tabora mwaka 1912. Mbele ya hapo njia ya bara ilikuwa kijia cha misafara, watu wakifuatana mmoja nyuma ya mwenziwe. Mti ukianguka njiani, mpagazi huuruka. Motokaa haiwezi kuruka. Mpagazi huvuka kijito maji yakimfika kiunoni, lakini injini ikiingiwa na maji hunyamaza. Kwa hiyo ilipasa watu watangulie na mashoka na majembe, wakate miti, wasawazishe kingo za mito, walaze magogo yawe daraja. Mlima ulipozidi nguvu za injini, zilifungwa kamba, watu wakavuta. Sisi tukaao milimani, ambao kila masika huitwa kusukuma lori lililokwama matopeni, hatuhitaji kuelezwa sana kazi hiyo ni ya namna gani.

Tena kuna jambo la petroli. Siku zile hapakuwa na mahali pa kuinunua njiani. Graetz aliagiza ipelekwe mbele yake, iwekwe akiba katika vituo mbalimbali, pamoja na matairi na vyakula. Nani aliyeipeleka? Mpagazi. Hapa ndipo tunapoona ajabu ya safari hii: motokaa, ambayo watu walisema itamwondolea mpagazi mzigo wake, haikuweza kwenda hata hatua moja bara bila mpagazi kuitangulia na chakula chake kichwani.

Mara vyuma vya injini vikapasuka, ikapasa kungoja miezi mpaka vipya vilipotoka Ulaya. Wenzake Wazungu hawakuwa wale wale tangu mwanzo hata mwisho. Baada ya Ziwa Tanganyika alipita nchi ya Zambia ya leo, akateremka mpaka Bulawayo, kisha akaingia jangwa la Kalahari, ambako mchanga hushika magurudumu na maji ni haba. Mwaka 1911 alirudi Afrika akaivuka tena, safari hii kwa mashua ya injini. Alifariki mwaka 1968, amekwisha pita miaka 90. Jina lake lapatikana katika vitabu. Majina ya waliovuta kamba hayapatikani ila mawili matatu, tena bila jina la baba wala la kijiji.

Huku kwetu Usambara hatukuona motokaa ile, lakini jambo lake twalijua. Reli toka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na makao ya serikali ya Kidachi yalikuwa juu, Wilhelmstal, ndiyo Lushoto. Ilipasa pawe na barabara toka Mombo, kupita Soni, mpaka huko: mwendo wa kilometa 33 hivi, ukipanda yapata meta 1,000. Leo wageni huja na magari yao kwa ajili ya kuitazama tu njia hiyo. Husimama Soni penye maporomoko, wakapiga picha. Wachache huuliza ni nani aliyeuchonga ubavu wa mlima.

Katika miaka ile ile ya safari ya Graetz, wanaume wa wilaya hii walipewa vipande. Kila mtu alitakiwa kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi 4, kipande kikitiwa alama kwa kila siku ya kazi. Na asiyetimiza aliweza kutiwa katika kazi za serikali, na mojawapo ya kazi hizo ni barabara. Shamba lake mwenyewe, la migomba na mahindi, halikungoja. Mkewe ndiye aliyelima.

Basi twaomba hivi. Msomaji ambaye babu yake au baba ya babu yake alichimba njia ya Mombo, au alichukua mizigo ya Wadachi kwenda bara, na aandike jina lake, jina la baba yake, kijiji chake, na mahali alipofanya kazi kama wazee walivyomhadithia. Aliyekuwa mpishi, aandikwe mpishi. Aliyepasua mawe, aandikwe hivyo hivyo. Karatasi hizo zipelekwe kwa mwalimu wa shule iliyo karibu, naye azikusanye katika daftari moja.